Njia za Mkato Zisizo na Hila: Kufanya Kazi Upesi katika Lahajedwali

Tangu tukiwa shule ya msingi tumeonywa kuhusu njia za mkato. Anayetafuta mali kwa njia ya mkato huishia pabaya. Anayetafuta alama kwa njia ya mkato, yaani kwa mwakenya uliokunjwa ndani ya soksi, huishia katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, mzazi wake akiwa kando. Na wahenga walishasema: haraka haraka haina baraka. Hayo yote ni kweli, nami sina nia ya kuyapinga.

Hata hivyo, ipo njia moja ya mkato isiyo na hila wala haramu ndani yake. Nayo ni ile ya kutumia vitufe vya kibodi, badala ya kukimbilia kipanya kila mara, unapofanya kazi kwenye kompyuta na hasa kwenye lahajedwali. Katika makala haya nitaeleza vitufe hivyo ni vipi, vinafanya nini, na kwa nini mwanafunzi anayevijua humaliza kazi mapema na bado kazi yake ikawa na makosa machache kuliko ya yule anayeburura kipanya. Shika neno hilo la mwisho: makosa machache. Wengi hudhani vitufe hivi ni vya kujionyesha tu, ati fulani ni fundi wa kompyuta. La, sivyo! Ni vya kumwezesha mtu kuwa na hakika na alichokiandika.

LAHAJEDWALI NI NINI?

Lahajedwali, ama spredishiti kama wengi wetu tunavyoiita, ni programu inayofanana na daftari kubwa la hesabu lililopigwa mistari. Mistari hiyo hukutana ikafanya visanduku. Safu wima, yaani zile zinazoshuka, hupewa herufi A, B, C na kuendelea. Safu mlalo, yaani zile zinazokwenda kando, hupewa nambari 1, 2, 3 na kuendelea. Kwa hivyo kila kisanduku kina anwani yake. Kilicho katika safu wima C na safu mlalo ya 5 huitwa C5.

Ndani ya kisanduku unaweza kuandika neno, nambari au fomula. Fomula huanza kwa alama ya sawasawa (=), na uzuri wake ni kwamba nambari ikibadilika, jibu nalo hubadilika lenyewe. Programu inayojulikana zaidi ni Excel. Zipo pia Calc ya LibreOffice, ambayo hailipiwi, na Google Sheets. Vitufe nitakavyovitaja hapa ni vya Excel katika kompyuta ya Windows. Vingi vyavyo hufanya kazi vivyo hivyo katika zile nyingine, ijapokuwa vichache hutofautiana.

UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Pengine utauliza: kwani vitufe hivi vilitoka wapi? Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba lahajedwali ilizaliwa bila kipanya. Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo iliitwa VisiCalc. Ilitengenezwa na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, ikaanza kuuzwa mwaka wa 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Wakati huo Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kompyuta hiyo haikuwa na kipanya. Hata mishale yake ilikuwa miwili tu, wa kushoto na wa kulia! Mtu akitaka kwenda juu au chini ilimbidi kwanza abonyeze kitufe kile kirefu cha nafasi ili mishale ibadilishe kazi.

Mwaka wa 1983 ikaja Lotus 1-2-3. Hiyo nayo iliendeshwa kwa vitufe. Ukibonyeza alama ya mkwaju (/) orodha ya amri ilijitokeza juu. Mpaka leo Excel ya Windows huitikia alama hiyo kwa kukuonyesha herufi za amri zake, kama mtu anayeitikia jina la babu yake. Excel yenyewe ilitolewa mwaka wa 1985 kwa kompyuta za Macintosh, kisha mwaka wa 1987 kwa Windows, na hapo ndipo watu wengi walipozoea kipanya.

Kwa hivyo mwenye kutumia vitufe hafanyi mambo ya kigeni. Anarudi kwenye njia ya wenyewe. Ni kipanya ndicho mgeni aliyekuja baadaye akapewa kiti cha mbele.

KWA NINI TUKIACHE KIPANYA?

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme darasa lina wanafunzi 48 na masomo 8. Hizo ni alama 384 za kuingizwa. Tuseme kila alama inakulazimu uondoe mkono kwenye kibodi, ushike kipanya, ulenge kisanduku, ubofye, kisha urudi kuandika. Hata safari hiyo ikichukua sekunde mbili tu, utatumia sekunde 768 kwa safari peke yake, yaani karibu dakika 13, na hapo bado hatujahesabu kuandika kwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Sekunde nazo hujaza kipindi.

Katika maabara nyingi za shule zetu kompyuta ni chache na wanafunzi ni wengi. Mkiwa watatu kwenye mashine moja katika kipindi cha dakika 40, anayetambaa humla mwenzake wakati. Aidha, mtihani wa vitendo wa somo la Kompyuta katika KCSE ni wa saa mbili na nusu, na saa hazimngoji mtu atafute mshale wa kipanya uliojificha pembeni mwa skrini. Isitoshe, kipanya huharibika. Kikikwama katikati ya kazi, asiyejua vitufe huinua mkono amwite mwalimu. Anayevijua huendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Sababu kubwa zaidi ni macho. Unapotumia kipanya, macho huondoka kwenye karatasi ya alama, yakaenda kwenye skrini kutafuta kisanduku, kisha yakarudi kwenye karatasi kutafuta ulipoachia. Ni katika kurudi huko ndipo mtu huruka mstari. Alama ya Wanjiru ikaandikiwa Wanyama, ya Wanyama ikaandikiwa Wario, na kuanzia hapo kila mtu anavaa shati la mwenzake. Mikono ikibaki kwenye kibodi, macho hubaki kwenye karatasi.

KUTEMBEA NDANI YA LAHAJEDWALI

Kabla hatujaendelea, tuelewane. Nikisema "Ctrl na C" maana yake ni kwamba unakishikilia kitufe cha Ctrl bila kukiachia, halafu unabonyeza C, kisha unaviachia vyote.

Tuanze na vya kawaida. Ukimaliza kuandika, Enter hukupeleka chini na Tab hukupeleka kulia. Ukishikilia Shift, mambo hugeuka: Shift na Enter hukupandisha, Shift na Tab hukurudisha kushoto. Haya wengi tunayajua. Lakini kuna siri ndogo. Ukianza katika safu wima C, ukaandika alama na kubonyeza Tab, ukaandika nyingine na kubonyeza Tab, mpaka somo la nane, kisha ukabonyeza Enter, Excel haikuachi huko mbali. Inakurudisha mpaka safu wima C katika mstari unaofuata, palepale ulipoanzia. Kwa hivyo mwanafunzi mmoja akiisha, mwingine anakungoja. Wala huhitaji kutazama skrini.

Cha pili ni Ctrl pamoja na mshale. Lahajedwali ya Excel, tangu toleo la 2007, ina safu mlalo 1,048,576 na safu wima 16,384. Ukitaka kufika chini kabisa kwa kushikilia mshale, hata ukiruka visanduku 10 kila sekunde, safari itakuchukua zaidi ya saa 29! Ctrl na mshale wa chini hukufikisha mara moja kwenye mwisho wa maandishi yako.

Nasema "mwisho wa maandishi" kwa sababu kitufe hiki husimama panapokatika. Na hapo kinageuka mlinzi. Ukiwa juu ya safu ya Hisabati yenye wanafunzi 48, bonyeza Ctrl na mshale wa chini. Ukisimama kwa mwanafunzi wa 48, ni vyema. Ukisimama ghafla kwa mwanafunzi wa 16, ujue yule wa 17 hana alama. Labda alikuwa mgonjwa siku ya mtihani, labda umemruka. Kipanya kisingekwambia hilo.

Vitatu vingine vya kutembea ni hivi. Ctrl na Home hukurudisha mwanzo, A1. Ctrl na End hukupeleka kwenye kona ya mwisho iliyotumika. Ctrl pamoja na PageDown au PageUp hukuhamisha kutoka ukurasa mmoja wa kazi hadi mwingine, tuseme kutoka muhula wa kwanza hadi wa pili.

KUTEUA BILA KUBURURA

Kuteua ni kuviambia visanduku: "Ninyi ndio ninaowataka." Kwa kipanya, mtu huburura akishikilia, na kidole kikiteleza kidogo tu anajikuta amefika safu mlalo ya 300. Kwa vitufe, Shift ndiyo mkono unaoshika. Shift na mshale huteua kisanduku kimoja kimoja. Ctrl na Shift pamoja na mshale huteua kuanzia ulipo hadi mwisho wa maandishi. Shift na kitufe cha nafasi huteua safu mlalo nzima. Ctrl na kitufe cha nafasi huteua safu wima nzima. Ctrl na A, ukiwa ndani ya orodha yako, huteua orodha yote.

Mara tu unapoteua nambari, tazama chini ya skrini. Excel hukuonyesha jumla, wastani na idadi yake bila ya kuandika fomula yoyote. Ukiteua alama za Kiswahili na idadi ikasoma 47 badala ya 48, rudi ukatafute kondoo aliyepotea.

KUNAKILI NA KUJAZA

Ctrl na C hunakili, Ctrl na X hukata, Ctrl na V hubandika, nayo Ctrl na Z hutengua ulichofanya. Angalia kibodi yako: Z, X, C na V zimepangana upande wa chini kushoto, karibu na Ctrl, ili mkono mmoja uzifikie. X imekaa kama mkasi, kwa hivyo hutasahau kwamba inakata. Kazi ya kukata, kunakili na kubandika tunayoijua leo ilitokana kwa sehemu kubwa na Mmarekani Larry Tesler na wenzake katika maabara ya Xerox huko California miaka ya 1970. Tesler alifariki mwaka wa 2020, lakini sijui kama kuna siku inayopita bila mamilioni ya watu kutumia jasho lake.

Katika lahajedwali kuna vitufe bora zaidi ya hivyo. Ctrl na D hujaza kuelekea chini: unateua visanduku, naye aliye juu hunakiliwa kwa wote walio chini yake. Ctrl na R hufanya vivyo hivyo kuelekea kulia. Ukitaka neno moja liandikwe katika visanduku vingi, viteue kwanza, liandike mara moja, kisha badala ya Enter bonyeza Ctrl na Enter. Papo hapo vyote vimejaa. Ctrl pamoja na alama ya nukta na mkato (;) huandika tarehe ya leo, jambo linalomfaa sana mweka hazina wa chama anayepokea ada za wanachama kila wiki.

Ukitaka kurekebisha kisanduku bila kukifuta chote, bonyeza F2, nawe utaingia ndani yake. Ukijuta katikati, bonyeza Esc, na yaliyokuwamo yatabaki kama yalivyokuwa. Kwenye kompyuta nyingi za kupakata, vitufe vya F vimepewa kazi za sauti na mwangaza. Huko itakubidi ushikilie Fn kwanza.

MFANO: ORODHA YA ALAMA ZA DARASA

Maneno matupu hayavunji mfupa, tuchukue mfano. Safu mlalo ya 1 ina vichwa. Wanafunzi 48 wako kuanzia safu mlalo ya 2 hadi ya 49. Safu wima A ni nambari ya mwanafunzi, B ni jina, na C hadi J ni masomo manane. Tunataka Jumla katika K, Wastani katika L na Nafasi katika M.

Hatua ya kwanza. Nenda K2, ushikilie Alt na ubonyeze alama ya sawasawa (=). Excel yenyewe itaandika =SUM(C2:J2). Usiamini tu, soma ndani ya mabano uhakikishe ni C2 hadi J2, kisha bonyeza Tab.

Hatua ya pili. Sasa uko L2. Andika =AVERAGE(C2:J2), kisha Tab. Jihadhari na jambo moja: kisanduku kitupu hakihesabiwi katika wastani, lakini sufuri huhesabiwa. Kwa hivyo aliyekosa mtihani na aliyepata sufuri si mtu mmoja. Kumwandikia sufuri aliyekuwa hospitalini ni kumwonea.

Hatua ya tatu. Uko M2, mahali pa nafasi. Hapa ndipo wengi huanguka. Fomula ni =RANK(K2,$K$2:$K$49). Zile alama za dola si pesa. Ni misumari. Zinamwambia Excel: "Hata nikinakili fomula hii mahali pengine, anwani hizi usizisogeze." Huna haja ya kuziandika kwa mkono. Ukishaandika K2 ndani ya fomula, bonyeza F4 nayo itageuka $K$2. Fanya vivyo hivyo kwa K49, kisha hakikisha kwa macho yako kwamba dola zimekaa pande zote mbili.

Je, misumari ikikosekana? Fomula ya mwanafunzi wa kwanza itasema K2:K49, ya pili itasema K3:K50, ya tatu K4:K51, na kuendelea kushuka. Kila mwanafunzi atalinganishwa na walio chini yake tu. Yule wa mwisho kabisa katika orodha atalinganishwa na nafsi yake peke yake, na hata kama ana alama 90 kati ya 800, kompyuta itamwandikia nafasi ya 1! Naye aliyestahili kuwa wa tano hajui alale au alie. Kompyuta haijakosea hapo, imetii ilivyoambiwa. Kitufe kimoja, F4, ndicho kinachotenganisha haki na dhuluma.

Hatua ya nne. Tunataka fomula zote tatu zishuke hadi kwa mwanafunzi wa 48. Mtu akiwa K2 akabonyeza Ctrl, Shift na mshale wa chini, atajikuta kwenye safu mlalo ya 1,048,576, kwa maana chini ya K2 hamna kitu cha kumsimamisha. Mwerevu hupitia kwingine. Nenda kwenye safu ya majina, B2, ambayo haina mapengo. Bonyeza Ctrl na mshale wa chini, nawe utafika B49. Bonyeza mshale wa kulia mpaka K49. Sasa geuka upande: Ctrl, Shift na mshale wa juu. Uteuzi utapanda mpaka K2 na kusimama hapo. Bonyeza Shift na mshale wa kulia mara mbili ili L na M nazo ziingie. Malizia kwa Ctrl na D. Visanduku 144 vimejaa, na hakuna hata kimoja ulichokiburura.

Ukisoma hatua hizi zinaonekana ndefu, lakini zijaribu mara tatu uone. Vidole hujifunza upesi kuliko kichwa.

STIMA IKIPOTEA

Sote tunajua stima zetu. Zinaweza kuwapo asubuhi na mchana zikapotea bila kuaga. Kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika papo hapo, na kazi isiyohifadhiwa huenda nayo. Hapo dawa ni Ctrl na S. Mara ya kwanza itakuuliza jina la faili. Baada ya hapo itahifadhi kimyakimya. Fanya iwe kama kupepesa jicho. Umemaliza wanafunzi watano, Ctrl na S. Umeandika fomula, Ctrl na S. Kwa kipanya, kuhifadhi ni safari, na binadamu huahirisha safari. Kwa vitufe ni kufumba na kufumbua, kwa hivyo hutaona uvivu.

TAHADHARI KABLA YA HATARI

Nilisema mwanzoni kwamba siwapingi wahenga. Vitufe hivi vina nguvu, na chenye nguvu hujenga na pia hubomoa.

Kwanza, Ctrl na H hutafuta neno na kuweka jingine badala yake. Tuseme jina la Ali limeandikwa vibaya, nawe unataka liwe Aly. Ukiagiza vibadilishwe vyote kwa mpigo, Ali atakuwa Aly sawa, lakini Salim naye atakuwa SAlym, Halima atakuwa HAlyma, na Alice atakuwa Alyce. Kompyuta haijui majina ya watu, inajua herufi. Badilisha moja moja ukitazama.

Pili, kupanga orodha. Ukiteua safu ya Jumla peke yake ukaipanga kuanzia kubwa hadi ndogo, jumla zitahama lakini majina yatabaki palepale. Excel huonya kwanza na kuuliza kama unataka safu nyingine zifuate, lakini mwenye pupa hubonyeza tu bila kusoma. Kabla ya kupanga, bonyeza Ctrl na A ili orodha yote iteuliwe na kila jina lisafiri na alama zake.

Tatu, Ctrl na D hufuta vilivyokuwamo chini bila kuuliza. Jipe mazoea ya kutazama uteuzi wako kabla ya kubonyeza. Ukikosea, usitaharuki. Ctrl na Z itakurudisha nyuma hatua moja, na katika Excel unaweza kuirudia hadi hatua 100. Ukirudi nyuma kupita kiasi, Ctrl na Y hukusogeza mbele tena.

UTAJIFUNZAJE?

Usijaribu kukariri vyote kwa usiku mmoja kama unayejiandaa kwa mtihani wa kesho. Mtaka yote hukosa yote. Chagua vitatu kwa wiki. Ningependekeza mpangilio huu:

(a) Wiki ya kwanza: Tab na Enter kwa kuingiza alama, Ctrl na S, Ctrl na Z.

(b) Wiki ya pili: Ctrl na mshale, Ctrl na Shift na mshale, F2.

(c) Wiki ya tatu: Alt na =, Ctrl na D, F4.

(d) Wiki ya nne: Ctrl na Enter, Ctrl na nukta-mkato, Ctrl na A.

Viandike kwenye kipande cha karatasi ukibandike kando ya skrini. Kisha ukitakacho kikiwa katika orodha ya wiki hiyo, jikataze kipanya hata kama mwanzoni utaonekana mzito. Siku mbili za kwanza utakuwa polepole kuliko kawaida, usikate tamaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ukisahau amri fulani, bonyeza Alt peke yake uachie. Herufi ndogo zitajitokeza juu ya skrini zikikuonyesha kila amri inaitwaje. Zifuate moja baada ya nyingine.

Wasio na kompyuta nyumbani nao wasijione wameachwa. Chora kibodi kwenye karatasi, weka vidole, na urudie hatua zile nne za orodha ya alama ukizitamka kwa sauti. Zamu yako ya maabara itakapofika, utakuwa unajua unachoenda kufanya. Dakika zako chache zitakuwa za kazi.

Wanachama wenzangu, ujuzi huu hautaishia shuleni. Kuna duka la mjomba linalohitaji hesabu za kila jioni, kuna chama cha akina mama kinachotaka kujua nani amelipa na nani bado, kuna ushirika wa maziwa unaopima lita za kila mkulima. Katika kila mojawapo ya orodha hizo, nyuma ya kila kisanduku yuko mtu anayengoja haki yake: lita zake, shilingi zake, nafasi yake darasani. Atakayeiandika orodha hiyo kwa haraka na kwa uhakika atakuwa amemtendea mtu huyo wema, hata kama hatawahi kumwona.

Haya shime! Kipindi kijacho cha maabara, sogeza kipanya kando kidogo uone. Haraka haraka haina baraka, lakini haraka ya aliyejizoeza ni jambo jingine kabisa.